Kuihamisha EliteBook 840 G3 kutoka Windows 10 hadi mfumo mpya

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10. Mashine haikuzimika siku hiyo, na ndiyo maana wengi hawakujali: inawaka, inafungua Word, inaingia intaneti kama jana. Kilichobadilika hakionekani kwa macho. Kila tundu la usalama linalogunduliwa baada ya tarehe hiyo linabaki wazi, na kadiri miezi inavyokwenda programu mpya nazo huanza kuikataa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya HP EliteBook 840 G3 ya mwaka 2016, mojawapo ya kompyuta mpakato za mtumba zinazoonekana sana kwenye maduka ya Kariakoo na Luthuli Avenue. Mwenye Lenovo ThinkPad T460 au Dell Latitude E7470 afuate hatua zilezile. Ni mashine za rika moja, prosesa zao ni za kizazi cha sita cha Intel, na hukwama mahali pamoja. Vitufe ndivyo vinavyotofautiana: kwenye HP ni F9 kuchagua cha kuwakia na F10 kuingia BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine kabla ya Windows), ThinkPad ni F12 na F1, Latitude ni F12 na F2.

Tuseme mapema: mashine hizi hazikuchoshwa na prosesa. Zimechoshwa na diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4. Kuweka mfumo mpya juu ya diski mbovu ni kumvisha mgonjwa suti.

Kwanza ujue ulichonacho

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Soma mistari mitano tu: System Model, Processor, BIOS Mode, Secure Boot State na Installed Physical Memory. Viandike kwenye karatasi, maana baadaye utavihitaji ukiwa kwenye skrini isiyo na Windows.

Kwenye jina la prosesa, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, na i7-10510U, yenye tarakimu tano, ni cha kumi. Windows 11 inakubali rasmi Intel za kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache sana za kabla ya hapo. Kwa hiyo G3 haimo kwenye orodha hata ukiijaza RAM hadi pomoni.

Rudi tena kwenye Windows na R, andika tpm.msc uione TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Chini ya Specification Version utaona 1.2 au 2.0. Kwa G3 zote mbili zinawezekana, kwa sababu HP ilitoa programu ndogo ya kubadilisha chipu hiyo kutoka 1.2 hadi 2.0. Ikionekana hakuna TPM kabisa, kwa kawaida imefichwa tu: iwashe ndani ya BIOS, upande wa Security.

Sasa leseni. Bofya Start, andika cmd, chagua Run as administrator, kisha andika:

slmgr /xpr

Jibu likisema leseni ni ya kudumu (permanently activated), uko salama. Likitaja tarehe ya kwisha, mara nyingi siku zisizozidi 180 mbele, basi Windows hiyo ilikuja na leseni ya kampuni kubwa au, kwa mashine ya dukani, imewashwa kwa ujanja. Usikate tamaa bado. Mashine nyingi za HP za rika hili zina ufunguo halali uliochomwa kiwandani ndani ya BIOS, na unaweza kuusoma hivi:

wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na tarakimu 25, ziandike. Ukisakinisha upya toleo lilelile, yaani Pro kwa Pro, Windows 11 itauchukua ufunguo huo yenyewe. Mstari ukiwa mtupu, hesabu gharama ya leseni au angalia upande wa Linux, mfumo wa bure usio wa Microsoft. Na yule anayekuambia utumie ufunguo wa Windows 7 ulio kwenye stika chini ya mashine amechelewa: Microsoft iliifunga njia hiyo mwaka 2023.

Mwisho, betri na diski. Kwenye dirisha lilelile andika powercfg /batteryreport /output C:\betri.html, kisha fungua faili hilo. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Betri ya G3 ikiwa mpya ni kama Wh 46. Ikibaki chini ya nusu, usianze kazi hii siku ambayo umeme unakatikakatika. Kukatika katikati ya kuandika BIOS kunaweza kuiua bodi, na kukatika katikati ya Windows kunakurudisha mwanzo. Diski ipime kwa CrystalDiskInfo. Mstari wa 05, Reallocated Sectors Count, na wa C5, Current Pending Sector, vyote viwe sifuri. C5 ikianza kupanda, acha kila kitu, nakili data leo hii.

Njia tatu, na ipi inakufaa

Njia ya kwanza ni kubaki Windows 10 na kujiunga na mpango wa ESU, unaowapa watu binafsi masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft, kisha unalipa dola 30, au pointi 1,000 za Rewards, au hulipi kitu ukikubali kusawazisha mipangilio yako na akaunti hiyo. Kiungo cha kujiunga kiko kwenye Settings, ukurasa wa Windows Update. Hii ni kununua muda tu.

Ya pili ni Windows 11 kwa mlango wa nyuma. Inafanya kazi, na kwa G3 yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM ya GB 8 inakwenda vizuri. Ila Microsoft haitoi ahadi yoyote kwa mashine iliyo nje ya orodha. Masasisho ya kila mwezi kwa kawaida yanafika, lakini toleo jipya la mwaka halitakuja lenyewe, utalazimika kulisakinisha kwa mkono, na kila toleo la Home au Pro linahudumiwa kwa miezi 24.

Ya tatu ni Linux Mint. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024 juu ya msingi wa Ubuntu 24.04, linahudumiwa hadi 2029, halidai TPM, halijali kizazi cha prosesa, na halina habari ya leseni.

Ukitumia programu za uhasibu kama Tally, QuickBooks ya kwenye kompyuta, au mafaili ya Excel yenye makro za ofisini, baki Windows; usijitese. Ukitumia kivinjari, barua pepe, kuandika na kutazama video, Mint itakufaa na mashine itapumua. Mwenye Core 2 Duo asihangaike na Windows 11 hata kwa mlango wa nyuma: kuanzia toleo la 24H2 mfumo unadai maagizo ya POPCNT na SSE4.2 ndani ya prosesa, na Core 2 Duo haina POPCNT. Hakuna hila ya kulipita hilo.

Nakala ya akiba, bila kupunja

Watu hunakili Documents na Desktop, wanaridhika, halafu wanalia. Fungua kwanza folda hizo utazame alama ndogo pembeni ya kila faili. Ikiwa ni wingu, faili hilo haliko kwenye diski yako. Liko OneDrive, na unachokinakili ni kivuli chake. Bofya kulia, chagua Always keep on this device, subiri lishuke lote.

Baada ya hapo chukua na haya: faili la PST kama unatumia Outlook, faili la QBW la QuickBooks au folda ya data ya Tally, alamisho na nywila za kivinjari, na nywila za Wi-Fi. Hizi za mwisho unazitoa kwa amri moja, baada ya kutengeneza folda ya C:\wifi:

netsh wlan export profile key=clear folder=C:\wifi

Kisha andika manage-bde -status C: uone kama diski imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, hifadhi ufunguo wake wa tarakimu 48 nje ya mashine, kwenye karatasi au simu. Mabadiliko ya BIOS na TPM yanayofuata hapa chini yataiamsha BitLocker, na bila ufunguo huo data yako imekwenda. Kabla ya kugusa BIOS isitishe:

manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0

Nakala iwe kwenye diski ya nje, kisha fungua mafaili matatu au manne kutoka huko, kwenye kompyuta nyingine kama ipo. Flashi za bei ya kutupa zinazojiita GB 512 au TB 1 usiziamini kabla ya kuzipima kwa H2testw. Nyingi zimedanganywa ukubwa: zinakubali kuandika, zinaonyesha majina ya mafaili, na ndani hamna kitu.

Kufungua mashine: SSD na RAM

Zima kabisa kwa kushikilia Shift unapobofya Shut down, chomoa chaja, igeuze juu ya kitambaa. Skrubu za kifuniko cha chini cha G3 hulegea bila kutoka. Ukiona hazitoki usizivute kwa koleo. Tumia bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye kichwa, maana vichwa hivi vikishaliwa kazi imekuwa kubwa. Kifuniko kinashikwa pia na meno ya plastiki pembezoni. Pitisha kadi ya zamani ya benki ukianzia upande wa bawaba, usiingize bisibisi bapa. Kikiondoka, chomoa betri kabla ya kugusa kingine chochote.

G3 ina nafasi mbili za diski. Moja ni ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Nyingine ni M.2 ya urefu wa 2280. Hapa ndipo pesa hupotea dukani, kwa sababu SSD za M.2 ni za aina mbili, SATA na NVMe, nazo hufanana. Yenye nyufa mbili kwenye meno yake kwa kawaida ni SATA. Yenye ufa mmoja kwa kawaida ni NVMe. Nafasi ya G3 inapokea zote mbili, lakini mashine nyingine za rika hili zinapokea SATA tu, kwa hiyo angalia karatasi ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Na kama mashine yako ilitoka kiwandani na M.2, yaelekea kebo bapa na fremu ya diski ya inchi 2.5 hazimo. Basi nunua M.2, usitafute kebo.

Ukubwa? GB 256 inamtosha mwenye mafaili ya kawaida. GB 120 achana nayo. Windows 11 yenyewe inadai GB 64, na SSD iliyojaa karibu yote huwa nzito kuandika.

Ingiza M.2 ikiwa imeinama kama nyuzi 30, isukume mpaka dhahabu ya meno isionekane, ilaze, kaza skrubu yake ndogo. Skrubu hiyo mara nyingi haimo kwenye mashine ya mtumba, kwa hiyo iombe dukani pamoja na SSD. Usiishike kwa gundi. Ikipata joto gundi hulegea na diski hupotea katikati ya kazi.

RAM ya G3 ni DDR4 ya kompyuta mpakato, nafasi mbili, jumla isiyozidi GB 32. Vijiti viwili vya GB 4 ni bora kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa inakula kutoka RAM hiyohiyo na inafaidi njia mbili. Mwenye G1 au G2 ajue kwamba zake ni DDR3L za volti 1.35, DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 inaingia kwenye tundu bila shida, lakini mashine haitawaka au itawaka na kuzima. Angalia stika, ukikuta PC3L ndiyo yenyewe, PC3 tupu siyo. Kijiti kinaingia kimeinama, kisha unakilaza mpaka masikio ya pembeni yote mawili yalie. Likilia moja tu, hakijakaa.

BIOS, na ile namba ya tarakimu nne

Kabla ya mfumo, sasisha BIOS kutoka tovuti ya HP ukiwa bado Windows 10, yaani diski ya zamani ikiwa bado ndani, chaja ikiwa imechomekwa. Faili la G3 ni la familia ya N75. Ukikuta jina jingine, hilo si lako.

Kisha rudi kwenye karatasi uliyoandika mwanzoni. Ikiwa BIOS Mode ni UEFI (mtindo mpya wa kuwaka; Legacy ni wa zamani), ruka aya mbili zinazofuata. Ikiwa ni Legacy na unakusudia kusakinisha upya kwenye SSD tupu, nenda moja kwa moja kwenye aya ya F10, utabadilisha tu mpangilio. Lakini ikiwa ni Legacy na unataka kupandisha Windows iliyopo bila kupoteza programu, diski lazima igeuzwe kwanza kutoka mpangilio wa zamani wa diski, MBR, kwenda mpya, GPT. Kwenye cmd ya msimamizi:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikikataa, sababu ya kawaida kwa HP ni patisheni (vigawanyo vya diski) nne. Mashine zilizoanza maisha na Windows 7 zina SYSTEM, Windows, RECOVERY na HP_TOOLS, na mbr2gpt haikubali zaidi ya tatu, maana inahitaji nafasi ya kutengeneza yake. Nakili kilichomo HP_TOOLS, ifute kwenye Disk Management, jaribu tena. Baada ya kugeuza, usiwashe Windows kabla hujaingia BIOS, kwa sababu kwa mpangilio wa zamani haitawaka.

Washa huku ukigonga F10. Nenda Advanced, kisha Secure Boot Configuration, chagua Legacy Support Disable and Secure Boot Enable, hifadhi, toka. Sasa tega jicho. Mashine itajiwasha upya na kuonyesha skrini nyeusi yenye maandishi kwamba hali ya kuwaka imebadilishwa, na chini yake namba ya tarakimu nne. Hakuna kisanduku cha kuandikia, hakuna kishale kinachopepesa, na ukiandika hakitatokea kitu. Andika hivyohivyo zile tarakimu nne, kisha Enter. Asiyejua hili hubonyeza Esc au husubiri, mashine inaurudisha mpangilio wa zamani kimyakimya, naye anaingia BIOS mara ya tatu akidhani imeharibika.

BIOS ikiomba nywila usiyoijua, ni kufuli la kampuni iliyoitumia mashine zamani. Kwenye EliteBook kutoa betri ndogo ya bodi hakuiondoi. Irudishe kwa aliyekuuzia, na ni heri kugonga F10 dukani kabla ya kutoa pesa.

Windows 11 juu ya Windows 10

Pakua faili la ISO (nakala nzima ya diski ya kusakinishia) la Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft. Ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo nunua bando la usiku au tafuta Wi-Fi ya maana; likikatika katikati mara nyingi unaanza upya. Hakikisha C: ina nafasi ya GB 30 wazi, na ondoa antivirusi ya nje kama ipo.

Fungua regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\Setup\MoSetup. Folda ya MoSetup isipokuwepo, itengeneze. Ndani yake tengeneza DWORD ya biti 32, jina:

AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU

Ipe thamani 1. Herufi moja ikikosekana haifanyi kazi na haikuambii, kwa hiyo nakili, usiandike kwa mkono. Mlango huu bado unadai TPM, hata ya 1.2. Washa upya.

Bofya ISO mara mbili ifunguke kama diski, endesha setup.exe kutoka humo. Kwenye skrini ya kwanza bofya Change how Setup downloads updates, chagua Not right now. Masasisho yatakuja baadaye na hutakula bando mara mbili. Likija onyo kwamba mashine haikidhi vigezo, kubali. Kwenye skrini ya mwisho hakikisha imeandikwa kwamba mafaili na programu vinabaki, ndipo ubofye Install. Kwenye SSD inachukua saa moja hadi mbili na kujiwasha upya mara kadhaa. Asilimia zikisimama mahali pamoja nusu saa huku taa ya diski ikiwaka, iache.

Makosa mawili yanajirudia. La kwanza ni 0xC1900101, karibu kila mara draiva (programu inayokiendesha kifaa): chomoa printa, flashi, modemu na chochote cha USB, ondoa antivirusi iliyobaki, jaribu tena. La pili linasema patisheni ya mfumo haikuweza kusasishwa. Patisheni ya EFI ya MB 100 imejaa, na kwenye HP imejazwa pia na mafaili ya BIOS. Kwenye cmd ya msimamizi andika mountvol Y: /s, kisha Y:, kisha cd EFI\Microsoft\Boot\Fonts, kisha del *.* na uthibitishe. Hizo ni fonti za skrini ya kuwakia tu.

Ukishaingia Windows 11 una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia Settings, System, Recovery. Siku hizo ni chache kwa mtu anayefunga hesabu mwisho wa mwezi, kwa hiyo zirefushe mapema, kabla hazijaisha:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Na usiguse Disk Cleanup ndani ya muda huo, maana kufuta Windows.old ni kufunga njia ya kurudi. Kama ulisitisha BitLocker, iamshe: manage-bde -protectors -enable C:.

Kwa SSD tupu, iandike ISO hiyo kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu ya Rufus. Ukibofya Start itauliza maswali: weka alama ya kuondoa masharti ya RAM, Secure Boot na TPM 2.0, na ile ya kutengeneza akaunti ya ndani. Chomeka, washa, F9, chagua flashi. Draiva zikikosekana baadaye, chukua za Windows 10 kutoka HP, zinakubali.

Kuna mtego mmoja wa mtumba hapa. Baada ya kusakinisha upya na kuunganisha intaneti, skrini inaweza kukukaribisha kwenye kampuni usiyoijua na kuomba barua pepe ya kazini. Mashine hiyo bado imesajiliwa kwenye Autopilot (mfumo wa Microsoft ambao kampuni husimamia mashine zake) ya mmiliki wa zamani, na usajili umeshika bodi, si diski. Kubadili SSD hakusaidii. Mwenye uwezo wa kuitoa ni kampuni hiyo, hivyo suala linarudi kwa muuzaji. Mint haiguswi na jambo hili.

Linux Mint

RAM ya GB 8 chukua Cinnamon. GB 4 chukua Xfce. ISO haifiki GB 3. Ukishaipakua ihakiki: certutil -hashfile jina-la-faili SHA256, ulinganishe na ile iliyoko kwenye tovuti ya Mint. Tarakimu moja ikitofautiana, pakua upya. Iandike kwenye flashi kwa Rufus. Ikigoma kuwaka, iandike tena kwa hali ya DD.

Ikiwaka kutoka flashi unapata Mint kamili bila kugusa diski. Itumie nusu saa. Jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, kamera, printa, na kufunga kifuniko kisha kukifungua. Wi-Fi ya Intel iliyomo G3 inafanya kazi yenyewe. Mashine zenye kadi za Broadcom zinahitaji draiva ya ziada: unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, fungua Driver Manager. Kisoma alama za vidole usikitegemee. Printa za zamani za Canon zinazotumia CAPT, kama LBP2900, zitakupotezea siku nzima, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kubaki Windows.

Ukiridhika, bofya Install Linux Mint. Weka alama ya kusakinisha kodeki (za kuchezea video na muziki). Penye Erase disk, soma ukubwa wa diski kabla ya kubofya, maana jina kama sda halikuambii kama ni SSD yako au diski ya nje yenye nakala zako. Afadhali diski ya nje isiwe imechomekwa kabisa.

HP ina kasumba yake. Usakinishaji unaisha salama, unachomoa flashi, unawasha, na mashine inasema haina kifaa cha kuwakia. Mint ipo, BIOS ndiyo haiioni. Gonga F9, chagua Boot from EFI File, ingia EFI, kisha ubuntu, kisha shimx64.efi. Ndiyo, folda inaitwa ubuntu hata kwa Mint. Ikiwaka, ingia F10 upande wa Boot uipandishe juu ya orodha.

Baada ya hapo fungua Update Manager, pokea yote, kisha Timeshift uipange ichukue picha ya mfumo kila wiki. Sasisho likiharibu kitu, unarudi nyuma kwa dakika chache. Timeshift hailindi mafaili yako ya binafsi, hiyo ni kazi ya diski ya nje.

Diski ya zamani

Usiifute wala kuiuza siku hiyo. Iweke kwenye kasha la USB la inchi 2.5, iandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, iache droo kwa mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo lazima utakumbuka folda moja uliyoisahau. Ukimaliza, ichomeke kwenye kompyuta yenye Windows, fungua diskpart, andika list disk, itambue kwa ukubwa, select disk na namba yake, kisha clean all. Neno all ndilo linaloandika sifuri diski nzima. Clean peke yake hufuta jedwali tu, na atakayeinunua ataweza kuyafufua mafaili yako. Diski ya GB 500 itachukua saa mbili au zaidi, na dirisha halitaonyesha asilimia yoyote.